Kipande cha Mjukuu

Ukitaka kumjua mtu mkaidi, panda ghorofa ya tatu hapa mjini kwetu Vratsa, ugonge kwa jirani yangu Rangel. Miaka minne hakusema na Plamen, mwanawe wa pekee, kisa jina la mtoto. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake. Plamen na mkewe Ivelina wakamwita wa kwao Martin. Hata herufi ya kwanza hawakumwachia mzee! Aliyeumia ni Tsvetana, mke wa Rangel, ambaye alimwona mjukuu wake kwa kujificha, sokoni, kwenye mafungu ya kabichi.

Mwaka wa nne Tsvetana akapata akili. Siku ya Malaika Wakuu, ambayo ndiyo sikukuu ya kila mwenye jina la Rangel, haalikwi mtu. Anayekuja anakuja, na mwenye jina hana budi kumpokea. Basi Rangel asingehitaji kumwita mwanawe, wala Plamen kungoja kuitwa. Sokoni Tsvetana alimwambia kijana wake maneno machache tu: "Jumamosi napika mkate wa nyama, ule wa mayai." Plamen angeuza shati lake kwa mkate ule tangu akiwa mdogo.

Jumamosi asubuhi Tsvetana akanigongea. "Zlatka, shoga yangu, njoo unisagie nyama. Peke yangu sitamaliza."

"Utamalizaje, na mume uliye naye?"

"Usinianze leo!"

Nikasaga nguruwe na ng'ombe pamoja. Akaikanda nyama na kitunguu, bizari na mkate uliolowekwa maziwa, akaitandaza juu ya mfuko wa plastiki. Katikati akapanga karoti, matango ya siki, na mayai ya kuchemsha. Kila yai alilikata ncha mbili kabla ya kulilaza.

"Mbona unayaharibu?"

"Ncha hazina kiini. Leo sitaki mtu apate kipande kitupu."

Akaukunja taratibu, akautoa kwenye mfuko, akausukuma kwenye oveni pamoja na viazi. Mimi nilibaki. Si nimeshasema haalikwi mtu?

Jioni kengele ikalia. Plamen, Ivelina, na mtoto amekumbatia boksi la chokoleti. Rangel akasimama, akawatazama mmoja mmoja.

"Karibuni," akasema.

Tsvetana akakimbilia jikoni, akaanza kulia juu ya sinia. Nikamfinya. "Wee, usilie kwenye viazi! Chumvi nimeshatia."

Akacheka, machozi yanamtoka. Jamani, sikuwahi kumwona mzuri vile.

Rangel aliukata mkate mwenyewe. Kipande cha kwanza, kiini cha manjano katikati, akakiweka mbele ya mtoto.

"Kula, Rangel wangu mdogo."

Mtoto akacheka. "Babu, mimi siitwi Rangel. Mimi Martin!"

Plamen akasema upesi, "Baba, ni mtoto huyu."

Rangel akaivuta ile sahani akairudisha kwake. "Hiki cha mjukuu wangu. Siku akija atakila."

Salaale! Nilitamani nimpige na chupa ya rakia, ile pombe yetu kali. Ivelina akamvisha mtoto koti. Martin akauliza amekosa nini.

Mlangoni Plamen akamshika mama yake mkono. "Mama, twende kwetu. Leo hii, na nguo hizo hizo."

Tsvetana alikuwa bado ameshika kijiko cha mchuzi. Akamtazama mtoto, akageuka akamtazama Rangel aliyekaa kwenye kiti chake. "Na huyu atapikiwa na nani?" akasema.

Wakaondoka. Tukawasikia wakishuka ngazi, mtoto akiulizia chokoleti yake.

Rangel akavuta sahani ya mjukuu, akala kile kipande chote, kiini na yote. Akafuta mdomo.

"Chumvi kidogo," akasema.

Tsvetana akaenda jikoni, akamletea.