Aliyechomwa Hakuulizwa

Wifi yangu ana mdomo, hilo nalisema mapema kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Ukimpelekea kitambaa kidogo ukataka gauni kubwa, atakuambia uongeze kitambaa au upunguze kula, uchague mwenyewe. Watu wanacheka na wanarudi, kwa sababu nguo aliyoishona ukiivaa inatulia mwilini. Majoho yote ya kwaya ya kanisa letu kashona yeye, na la Mchungaji pia, ndiyo maana tunamwita Mama Majoho. Mimi ni dada wa mumewe. Kwa hiyo nina haki ya kumsema, naye ana haki ya kunisema, na haki hizo tumezitumia bila ubahili.

Anashonea chumba cha mbele, cherehani ikiwa karibu na dirisha. Kitambaa anakiongoza kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unasaidia kwa kiganja tu, kwa sababu vidole viwili vya mkono huo havikunjiki. Ngozi juu yake imekazana, inang'aa. Kazi hiyo aliifanya kaka yangu. Alirudi nyumbani amelewa, akamkuta mkewe anapiga pasi sare za shule za wateja, akauliza kwa nini hajapokelewa vizuri, na kabla hajajibiwa akaichukua ile pasi akamgandamizia mkono pale pale mezani. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini alilolifanya ni hilo, sipunguzi neno. Nilimchukua wifi nikakaa naye kwangu mpaka kidonda kikafunga. Kisha akasema anarudi. Nilimuuliza anarudia nini, akanijibu kwamba cherehani iko kule.

Miaka ikapita, pombe ikamgeuka kaka. Ini likaharibika, tumbo likajaa maji, hospitalini wakatuambia tumrudishe nyumbani tumtunze. Tukamtandikia kitanda chumba cha pili, ukuta mmoja na cherehani. Wifi akawa anamgeuza, anamlisha, anambadilishia shuka, anarudi kushona. Nami nilikuwa nakwenda kila siku kumpokea kazi. Mbele ya mgonjwa sikumsikia akinung'unika. Kwangu alinung'unika vya kutosha, na neno lake lilikuwa moja.

"Wifi, mimi sina makuu," aliniambia tukikamua shuka. "Kaka yako aniangalie usoni aseme, nilikukosea. Basi. Akifa bila kulisema hilo, mimi nitaishije nalo?"

Nikaendelea kukamua.

Mchungaji wetu ni kijana, na ni mtu mwema, tusimwonee. Mgonjwa akiwa juu ya mlima ataupanda huo mlima. Alikuja akakaa na kaka siku nyingi, akamsomea, akamwombea, mpaka siku moja kaka akalia kwa kwikwi, akatubu, akaokoka. Mimi nilifurahi. Uso wa kaka ulifunguka, akawa anaomba kuimbiwa, yeye ambaye zamani ukiimba nyimbo za dini karibu naye anakuuliza kama umefiwa.

Sasa kanisani kwetu kuna kawaida: mtu akiokoka na hawezi kufika kanisani, kanisa linamfuata nyumbani kusikiliza ushuhuda wake. Wakaja akina mama na kwaya, wakajaa chumba cha mgonjwa hadi mlangoni. Kaka tukamwegemeza kwenye mito. Akaeleza ulevi wake, wanawake, uongo, mambo mengine hata mimi yalinipita. Halafu akasema, "Nilimchoma mke wangu mkono kwa pasi. Bwana amenisamehe."

Chumba kizima kikaitikia haleluya, na makofi juu. Najua hawakuipigia makofi pasi. Walishangilia kwamba imesamehewa. Lakini wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, mkono wenyewe umeshika ukingo wa sinia, na kaka muda wote alikuwa anaongea na dari. Mama mmoja akamgeukia wifi, akamkumbatia na sinia lake.

"Hongera, mama. Mungu amekutendea."

"Amenitendea nini?" wifi akauliza.

Yule mama akadhani ni utani wa Mama Majoho kama kawaida, akacheka, akachukua kikombe.

Wiki iliyofuata Mchungaji akaja kujaribu joho jipya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nakata nyuzi zilizoning'inia kwenye majoho ya kwaya. Wifi alikuwa na pini mdomoni, na futi ya kupimia shingoni. Alipozitoa zile pini nikajua kuna jambo.

"Inua mikono, Mchungaji. Mume wangu akifa leo, anakwenda wapi?"

"Kwa Baba, mama. Dhambi zake Yesu alizibeba msalabani. Hazipo tena."

"Na hii ya mkono wangu?"

"Na hiyo."

"Msalabani ni zamani sana. Kwa hiyo ilibebwa kabla sijazaliwa, kabla hata pasi hazijatengenezwa."

Mchungaji akatabasamu kidogo, akasema ndiyo, ndivyo neema ilivyo.

"Geuka. Na mimi ninakwenda wapi?"

"Huko huko, mama. Ila Bwana ametufundisha tusamehe ili na sisi tusamehewe."

"Kwa hiyo nisipomsamehe, aliyechoma yuko ndani anaimba, aliyechomwa amesimama nje anachungulia."

Mchungaji alitaka kugeuka amwangalie, wifi akamrudisha kwa bega, kwa kuwa mgongo haujapimwa. Nikaona nimwokoe kijana wa watu.

"Wifi, chunga ulimi. Hayo ni mambo ya imani."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akanijibu bila kunitazama. "Kata nyuzi."

Nikakata nyuzi. Mchungaji akasema taratibu, "Mama, mimi naamini mtu anapoumizwa, Kristo naye anaumia pamoja naye. Ulipochomwa, alichomwa."

Wifi akaacha kupima. Nilidhani limemwingia, na kweli lilimwingia, kwa sababu sauti yake ilishuka.

"Basi tulichomwa wawili," akasema. "Mwenzangu ameombwa msamaha, tena mbele ya watu, na makofi yakapigwa. Mimi bado. Aliombwa yeye, akatoa yeye, na mimi nikaambiwa hongera. Mchungaji, sina ugomvi na Yesu. Nauliza tu, unaposamehe kidonda kilicho kwenye mwili wa mtu mwingine, humwulizi?"

Angekuwa mchungaji mwingine angefungua kitabu. Huyu alisimama tu, mikono bado iko juu kama mtu anayepekuliwa.

"Mama," akasema, "nilimfundisha kumwomba Mungu. Sikufikiria kumgeuza upande wako."

Akaenda chumba cha pili na joho lake lenye pini, sisi tukabaki tumetega masikio. Ukuta ule ni mwembamba. Tulimsikia Mchungaji akimwambia kaka amwite mkewe amwombe radhi, na tulimsikia kaka akijibu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mchungaji, si wewe uliyeniambia imefutwa? Kilichofutwa nakiandika tena ya nini?"

Mchungaji akarudi mabega yameshuka. Wifi hakumsimanga. Alipiga magoti, akasema pindo linahitaji kushushwa kidogo. Siku ile alishona mpaka jioni bila kumtania mtu yeyote, na wateja wakaniuliza pembeni kama anaumwa.

Mimi nilikuwa nawaka. Kaka yangu nampenda, lakini siku zile nilikuwa namlisha huku nimemkunjia uso. Naye alikuwa anakwisha. Mikono ilibaki mifupa, macho yakawa ya njano. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko, upande wa pili wa ukuta cherehani inaenda, akanishika kanga.

"Dada, hivi kule kupo kweli?"

"Wapi?"

"Huko mbinguni. Wakija kuniimbia najiona mwepesi, nasema nikifa hata leo sawa. Wakiondoka inabaki ile cherehani. Naisikia naogopa. Mtu aliyesamehewa kabisa, mbona anaogopa cherehani?"

Ningeweza kumwambia maneno ya kumfariji, na ndiyo kawaida ya wauguzaji. Lakini nilikuwa nimechoka, na hasira ilikuwa bado ninayo.

"Mimi sijafika huko, kaka. Naamini kupo, ila sikuapii. Ninachokijua kwa hakika ni chumba cha mbele. Kama kule hakupo, basi wa kukusamehe amebaki mmoja tu, na yuko hapo anashona. Na kama kupo, siku moja na yeye atafika. Utamwambia nini? Kwamba uliiambia kwaya?"

Akafumba macho, nikadhani amekasirika.

"Naona aibu," akasema. "Mungu simwoni, kumwambia ni rahisi. Huyu namwona kila siku akinibadilishia shuka."

Hapo hasira yangu iliisha yote, ikabaki huruma tu. Nikainuka nikaenda mlangoni, nikamwita wifi. Akaja mbio mbio, futi shingoni, akisema niseme haraka kwa sababu kwaya inangoja majoho yao kanisani. Kaka akanyoosha mkono. Wifi hakuelewa, akadhani anataka kugeuzwa, akaanza kumshika begani.

"Hapana. Nipe mkono. Ule."

Akampa. Kaka akaushika, akapitisha kidole chake juu ya lile kovu, na safari hii alimtazama mkewe, hakutazama dari.

"Nilikuchoma," akasema. "Watu wanasema ilikuwa pombe. Haikuwa pombe peke yake. Nilitaka uumie. Nisamehe."

Mimi nikageukia ukutani, machozi yananitoka kama mtoto. Wifi aliuacha mkono wake mkononi mwa mumewe.

"Nimekusikia," akasema. "Hili nimelingoja miaka mpaka nikazoea kulingoja. Sasa limekuja, nimebaki nimeduwaa. Acha niwapelekee watu majoho yao. Nikirudi nitakujibu. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi," kaka akasema, na uso wake ulikuwa umelegea vizuri, hata siku ya kuokoka haukulegea vile.

Wifi akabeba majoho mabegani akaondoka. Kaka aliniuliza kama mlango umefunguliwa, nikamwambia bado, kanisani si mbali, atarudi sasa hivi. Akauliza tena. Mara ya tatu alifungua mdomo, sauti haikutoka, na pumzi ikakatika jua likiwa bado linawaka dirishani. Nilimfumba macho mimi. Nilikaa pale nikisikia jinsi nyumba ilivyo kimya bila cherehani.

Wifi alirudi, Mchungaji akimfuata nyuma. Aliingia anahema, jasho usoni. Akaniangalia mimi kwanza.

"Amelala?"

"Ameondoka, wifi."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mchungaji akavua viatu, sijui kwa nini, akasimama karibu na mlango.

"Nilishaamua," wifi akasema. "Nilipofika pale kwenye kona nilishaamua, nikakimbia. Mimi na umri huu, nimekimbia barabarani."

"Ulitaka kumwambia nini?"

"Hilo ni lake. Si lako."

Mchungaji akasogea akainama. "Mwambie, mama. Atakusikia."

Wifi akainua uso. "Una hakika?"

Nilimwangalia yule kijana. Kusema ndiyo ni kazi yake, analipwa kwa hilo, na angeisema tusingemlaumu. Hakuisema.

"Natumaini," akasema. "Kwa moyo wangu wote natumaini."

"Basi na mimi nitatumaini. Tokeni nje."

Tukatoka, akafunga mlango. Niliweka sikio mlangoni, na usinilaumu, mimi ni wifi. Mchungaji akanivuta mkono, halafu yeye mwenyewe akasogea. Tulisikia sauti ya wifi ikipanda, inafoka, inamsema mtu kama alivyozoea kuwasema wateja, kisha ikashuka, ikawa ya chini kabisa, kisha kilio. Maneno hatukuyapata hata moja. Ilichukua muda, na wala hatukumgongea.

Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa gauni. Alimpita Mchungaji, akarudi, akasimama mbele yake.

"Nimemwambia yote," akasema. "Kama hakunisikia, hapo sasa Mungu mwenyewe ndiye atakayeniomba radhi."

Mchungaji hakumkemea. Aliinamisha kichwa, akamwambia ni sawa, mama.