Kama Kuna Mtu Nimemkosea

Dada yangu alinishtaki kwa kipaza sauti. Ilikuwa siku ya kumzika mama, kwetu Dundori, hema zimejaa watu na matope yamejaa chini ya hema, na yeye kama kifungua mimba alipewa nafasi ya kusema machache kwa niaba yetu watoto. Alisema vizuri sana kuhusu mama, kuhusu shamba lake la viazi na maombi yake ya alfajiri. Halafu akasema kwamba mama alianguka akiwa peke yake, ilhali alikuwa na mtu wa kumwangalia. Hakunitaja jina. Hakuhitaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na mama, na vichwa vyote viligeuka upande wangu kama ng'ombe wanaposikia ndoo.

Siku aliyoanguka nilikuwa nimepeleka maziwa barabarani. Gari la kuyachukua lilichelewa, maana barabara yetu ikinyeshewa haina adabu, nikangoja na wenzangu huku tukipiga gumzo. Niliporudi nilimkuta kando ya zizi, simu yake imevunjika kioo chini ya mkono. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba hata ningekuwepo, pengine nisingeweza kufanya lolote. Nilirudi nyumbani na hilo "pengine" lake.

Ningependa kusema kwamba baada ya mazishi nilikasirika. Hasira ingekuwa kitu. Ukweli ni kwamba niliganda. Nilikamua ng'ombe, nikapalilia, nikapika viazi na kuvila bila kujua vina chumvi au havina, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Jumapili nilienda kanisani kama kawaida. Ila Meza ya Bwana ilipoandaliwa, niliinamisha kichwa, kikombe kikanipita. Kwetu mtu akiacha kikombe kimpite, benchi lote linajua, na kufikia Jumatatu kila anayepeleka maziwa anajua.

Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alinitembelea, kama ilivyo desturi yao kabla ya Meza. Alikunywa chai polepole, akanieleza kwamba dada ni dada, na kwamba yaliyopita si ndwele. Nilimwambia aliyetunga methali hiyo bila shaka hakuwa na dada. Hakucheka. Aliomba maombi marefu, akaondoka, na nilijua kabla hajafika langoni kwamba atampigia dada simu.

Ndipo ibada ya kumkumbuka mama ilipofika, mwaka uliofuata, dada akapanda kutoka Nakuru amevaa kitenge kipya. Wakati wa ushuhuda alisimama mbele ya kanisa.

"Kama kuna mtu yeyote nilimkosea kwa maneno yangu," alisema, "naomba anisamehe, kwa sababu hata mimi nimesamehe."

Hivyo ndivyo tunavyotubu huku kwetu. Sentensi hiyo kila mtu anaijua. Hata wanasiasa wanaijua. Ukiisema, umeomba msamaha bila kukubali kosa, na yule uliyemkosea asipoitika, kosa linahamia kwake. Neno lenyewe ni "kama", dogo tu, lakini lina mlango wa nyuma. Na kile kimkia cha mwisho nilikitambua pia: nilikuwa nimesamehewa mbele ya watu, bila kuomba.

Mchungaji alituita tukumbatiane. Kina mama wakaanzisha wimbo, mwingine akapiga vigelegele. Kitufe cha sweta ya dada kilinichoma kifuani, na hicho ndicho kitu pekee nilichohisi. Mchungaji akatangaza kwamba shetani ameaibika, tukaenda kula.

Meza iliyofuata, kikombe kilinipita tena. Sasa lawama ikawa yangu rasmi. Walisema nina roho ngumu, na mchungaji akahubiri juu ya moyo wa jiwe huku macho yake yakitua kwenye benchi langu kila mara. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nikijiuliza ninachokingoja ni nini. Niliomba Mungu anisaidie nimkasirikie dada angalau, nipate kitu cha kusamehe. Hakunijibu, au sikusikia.

Dada alikuja tena wakati wa kuvuna, siku ya kazi, bila kupiga simu. Nilikuwa stoo nikichagua viazi, vikubwa vya kuuza huku, vidogo vya mbegu kule, na vilivyokatwa na jembe vya kupika. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya mjini. Nilidhani amefuata viazi, maana hakuwahi kushuka Nakuru mikono mitupu. Nilimwonyesha kigoda. Hakukaa.

"Ile ya kanisani haikuwa kuomba msamaha," alisema. "Ile ilikuwa ya watu."

Niliendelea kuchagua.

"Mathe alinipigia hiyo siku alianguka. Niliona jina yake kwa simu, ikalia mpaka ikanyamaza. Nilikuwa saluni, nikasema nitampigia nikitoka. Wewe haukumwacha. Ni mimi. Nilikukosea, na nilijua nakukosea hata nikishika ile maiki."

Niliitafuta "kama" katika maneno yake, sikuiona. Halafu akapiga magoti, pale kwenye udongo uliopukutika kutoka kwenye viazi, yeye ambaye magoti yanamsumbua na ambaye ni mkubwa wangu. Kwetu mkubwa hampigii mdogo magoti. Nilijua kwamba ninaona jambo ambalo sitaliona tena maishani, na nililitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani.

Nilimwambia nimemsamehe. Nilimaanisha. Nilisema kwa sababu ndicho kilichopaswa kusemwa, kama vile ng'ombe anavyopaswa kukamuliwa uwe unajisikia vizuri au vibaya. Nilikuwa nimeambiwa tangu Sunday school kwamba msamaha ni kutua mzigo. Nikangoja nisikie mzigo ukitua. Kuku walikuwa wakiparua nje, hakuna kingine.

Dada alinitazama usoni. Aliniuliza mbona bado niko hivyo. Alisema kama nina hasira nimpe yote, nisimwonee huruma, amekuja kuipokea.

Nilitaka kumjibu kwamba sina hasira, arudi mjini kwa amani. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine, na mimi mwenyewe nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza.

"Sikuwahi kukukasirikia," nilimwambia. "Nilikuamini uliposema nilimwacha."

Alisema hapana. Alinishika magoti kwa mikono yote miwili, akasema hapana tena na tena, akinitikisa kama mtu anayemwamsha mwenzake, na mimi nikabaki na kiazi mkononi, nikimwomba arudie.