Magae ya Mama Ukutani, Mwanangu Fukayosi

Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche, maana gazeti hili husomwa kwa sauti barazani anapokaa mume wangu. Nina miaka ishirini na moja, au na mbili. Nimesoma mpaka darasa la tatu, basi wasomaji mtanisamehe. Nimezaliwa Lugoba, nimeolewa huku Bagamoyo na mwashi, na Mungu ametupa mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anasimama dede. Lakini silali naye tena, na maziwa yangu yameanza kukauka.

Mambo yenyewe yalianza na sahani. Marehemu mama yangu alikuwa akiuza chai na maandazi Chalinze, malori yanaposimama. Akasikia kuwa mabibi harusi wa pwani hutundika sahani nzuri ukutani, mgeni akiingia aone. Akawa ananunua kwa Mhindi moja moja, za maua ya samawati, na moja ina samaki. Akiniambia, "Mwanangu, hawatakucheka kwamba umetoka porini." Nilipoolewa tukazifunga kwa nyasi sandukuni. Njiani lori likaruka shimo, sanduku likaanguka, na mlio ule nausikia hata leo. Haikupona hata moja. Wifi yangu akalifungua mbele ya wanawake wote, akasema, "Haya, njooni mumwone bibi harusi wa magae!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakumaliza mwaka, akafariki. Yale magae sikuweza kuyatupa. Niliyasukuma uvunguni.

Baadaye mume wangu alipokuwa akipaka chokaa chumba chetu, nikamwambia, "Usiulainishe ukuta huo, nataka kuyapachika magae ya mama." Akasema, "Mama yako alijua kuchagua," akanichanganyia chokaa laini kwa mkono wake. Tukaupachika ukuta mzima wa upande wa kitanda. Sikuyarudisha maua yawe maua. Nilifanya mawimbi, nikafanya jua kwa vitako vya sahani, katikati nikatia kioo changu kilichopasuka. Yule samaki nilimuunga vipande vyake, nikamweka chini, kimo cha mtoto. Ukiwasha kibatari ukuta wote unacheka. Mwanangu amejifunza kusimama kwa kumshika samaki huyo.

Mama mkwe wangu anakaa shambani Fukayosi. Baada ya mavuno akaja kutuona. Akafika mlangoni mwa chumba, akasimama. "Shikamoo mama," nikasema. Hakuitika.

"Nani kazikwa humu?"

Nikadhani ni utani, nikacheka. "Hakuna mtu, mama, ni mapambo."

"Mapambo! Sahani ndani ya chokaa ni za kaburi. Hukuyaona makaburi ya wazee wa kale, na mabakuli yamepachikwa katikati ya mawe? Umemlaza mjukuu wangu kaburini!"

Wallahi sikujua. Kwetu Lugoba kaburi ni udongo na mti kichwani. Na bibi harusi mgeni nani angempeleka kutembea makaburini? Nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema ukuta ni ukuta tu, asiwepo wa kuuogopa. Lakini wiki ileile mtoto akashikwa na homa. Ikapoa kwa dawa, na ilipopoa bibi yake alikuwa amekwisha kumfunga mgongoni. Akasema, "Atarudi ukuta huo ukivunjwa." Mume wangu alikuwapo. Alitazama miguu yake, kama aliyeshika mwiko wa chokaa ni mwingine.

Walipoondoka nikamwuliza, "Wewe ni mwashi, makaburi yale umeyakarabati. Ulijua?"

Akakaa akijichokonoa chokaa kwenye kucha. "Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unafurahi. Tangu afe mama yako sikupata kukuona hivyo."

Ndugu wasomaji, neno hilo ningelipewa siku nyingine ningelilia kwa raha. Siku ile lilinichoma kama mwiba wa samaki. Kumbe furaha yangu aliweza kuichanganyia chokaa, kuisemea mbele ya mama yake hakuweza.

Nilikwenda Fukayosi. Mwanangu alikuwa amepakatwa, ameshiba, amepakwa mafuta. Nikanyoosha mikono. Akanitazama, akaficha uso kifuani kwa bibi yake. Mama mkwe akasema taratibu, wala si kwa ubaya, "Unaona? Huku halii."

Niliporudi nikachukua nyundo na tindo la mume wangu. Gae la kwanza halikutoka zima, chokaa ilikuwa imeling'ang'ania, likasagika kama unga. Pakabaki shimo jeupe lenye umbo lake. Wifi yangu akachungulia dirishani. "Hata ukiyabandua yote, bibi magae, alama zitabaki. Mama anasema afadhali nyumba ihamwe kabisa." Nikaiweka nyundo chini. Jana ilikuwa ukuta, leo ni nyumba. Kesho itakuwa nini kama si mimi mwenyewe?

Mume wangu simchukii. Kila akitoka kazini anakaa kitandani anautazama ukuta. Bado natumaini iko siku atafungua mdomo mbele ya mama yake. Lakini mtoto hangojei, anakua, na kila siku ananisahau kidogo.

Kwa hiyo mama zangu na dada zangu, hasa mlioolewa mbali na kwenu, nipeni shauri. Nikiyavunja yote nitakuwa nimekiri kwamba mimi ndiye niliyemletea mwanangu homa, na huenda wasinirudishie. Nikiacha, nitaambiwa nimependa magae kuliko mtoto. Yule samaki sijamgusa, nimemfunika kanga. Nimvunje naye? Au nimwache pale chini, mwanangu akirudi apate pa kushika?