Ndege ya Kizingitini

Mzee Nzioka aliandika namba za ndege ujana wake wote, na hakuna hata moja iliyopinda. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mkewe Kaluki, aliyeyasikia hayo tangu walipohamia Shimba Hills wakapanda michungwa, alikwisha kuchoka kumbishia.

Alikuwa fundi wa rangi katika karakana ya uwanja wa ndege huko Nairobi. Zile jeti za zamani za serikali, za mwanzo mwanzo, zilipaa zikiwa na namba zilizotoka kwenye brashi yake. Marubani walijulikana kwa majina, mafundi wa injini walipigwa picha. Fundi wa rangi hakuulizwa na mtu. Alipostaafu aliondoka na brashi ile, akaifunga kwenye kitambaa.

Uzeeni alianza kuunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mwanawe Musyoki humletea kutoka Mombasa. Hii ya sasa ndiyo aliyoitamani siku zote: jeti aliyoiandika 14. Lakini boksi lilikuja na alama za nchi nyingine. Musyoki akatafuta hadi akampata mtu ng'ambo anayechapa stika za maji na kuwauzia watu wasiozitaka alama za boksi. Ikaja karatasi moja, ukubwa wa kiganja, yenye bendera na 14 mbili, moja kwa kila ubavu. Mchapaji alisema ndiyo ya mwisho, hachapi tena.

Stika ya maji si kama ile ya tuktuk, ya kubandua na kubandika. Unaiweka majini, unangoja, kisha utando wake, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unateleza kutoka kwenye karatasi na kutua kwenye plastiki. Ikikauka, imekauka.

Na mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Daktari wa Msambweni alimpa dawa, akamwambia ukweli: itapunguza, haitaponya. Bendera zilikaa kwa taabu. Namba ya kushoto ikajikunja kidoleni mwake kama utando wa maziwa. Akaipangusa kwenye suruali.

"Iliyobaki mpe mama Munee," Kaluki akasema. "Yule ana mkono."

Mama Munee ni Kanze, mke wa Musyoki, Mduruma wa Kinango, anayeishi nao hapo nyumbani na kuwachora wanawake maua ya piko mikononi katika saluni moja Diani. Lakini Kanze ni mkaza mwana, na Mzee Nzioka aliishika nthoni, ile heshima ya Kikamba: baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawaketi pamoja, wala kitu hakitoki kidoleni mwa huyu kikaingia kidoleni mwa yule. Tangu aolewe, Kanze humwamkia kutoka mlangoni.

"Nitamfundishaje mtu nisiyeketi naye?"

"Kwani mdomo nao unatetemeka?"

Siku ya mapumziko ya Kanze, Kaluki akaweka kigoda kizingitini, ndege juu yake, bakuli la maji kando. Mzee akaketi barazani, Kanze ndani, na Kaluki pembeni na ungo wa maharage, kama refa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaluki, mwambie aiweke majini."

"Mwambie mwenyewe, mlango uko wazi."

Mzee akakohoa. "Iweke, mama. Usiikimbize. Iache ijilegeze yenyewe."

Utando ukalegea. Kanze akausogeza kwa ncha ya brashi yake ya piko, ukateleza, ukatua ubavuni. Ukatua umeinama, nne ikitazama chini. Upepo ulikuwa unapita mlangoni, na ncha moja ikaanza kukauka.

"Baba, imeshika! Haisogei!"

"Usivute, itachanika! Inataka maji. Matone tu."

Mkono mmoja wa Kanze ulishika ndege, wa pili ulizuia ncha. Kaluki aliinuka, maharage yakamwagika. Mzee alilitazama bakuli, kisha akainama, akachovya vidole.

Mkono ukaanza mtindo wake. Matone yakaanguka juu ya ubavu wa ndege, madogo, mepesi, kama manyunyu yasiyojua yaanzie wapi. Vidole vyake vilitetemeka karibu kabisa na vya Kanze, visiviguse. Kanze hakuinua macho. Utando ukaloa, ukajiachia, ukaelea.

"Juu kidogo," mzee akasema.

"Hapa, Baba?"

"Hapo. Nyonya maji kwa kitambaa. Usisugue."

14 ikakaa, imenyooka.

Kaluki aliiinua ndege. "Ubavu huu ya serikali," akaigeuza, "na huu ya magendo!"

Kanze akacheka kwenye kanga.  Mzee aliutazama ule ubavu mtupu.

Asubuhi yake Kanze alipokuwa akitoka kwenda kazini, alikikuta kigoda palepale kizingitini. Ndege ilikuwa imelazwa juu yake, ubavu mtupu ukitazama juu. Kando yake kulikuwa na kichupa cha rangi nyeupe, na brashi ya karakana, imetolewa kwenye kitambaa chake, nywele zimeoshwa zikanyooshwa vizuri.

Mzee alikuwa barazani, ameielekea michungwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Kisha, bila kugeuka: "Nne yangu huanzia juu, mama. Shuka nayo polepole."

Kanze akaweka mkoba chini.