Nyuki Waliofutwa kwenye Kanda

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za video za zamani na kuziingiza kwenye simu za watu. Nina kibanda mjini Tabora, deki moja ambayo nimeshaifungua na kuifunga hadi skrubu zimelegea, na kompyuta ambayo diski yake haijawahi kutosha. Wateja huniletea harusi, mahafali, kipaimara. Wengi wanadhani kazi yenyewe ni kuchomeka waya tu na kusubiri. Siwabishii, ila moyoni naudhika.

Ukirekodi televisheni ya zamani, unarekodi na chenga zake, zile nukta zinazomwagika kwenye kioo. Hazitulii. Kila picha inayopita zimehamia mahali pengine. Sasa ukitaka kuibana video iwe ndogo, iweze kutumwa kwa simu, kompyuta inahangaika kukumbuka kila chenga ilikaa wapi. Nafasi inaishia huko, na uso wa mtu unabaki vibokisi vitupu. Nilijifunza kwa kukosea kwamba chenga huondolewa kwanza, halafu ndipo unabana. Nafasi uliyookoa inakwenda kwenye macho na midomo. Nilikuwa naringa sana kwa kuijua siri hiyo.

Jumatatu moja akaja mama wa makamo kutoka Kwihara, kanda ameifunga kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Humu yumo mume wangu."

Mumewe alikuwa mrina asali. Miaka ya nyuma watu wa televisheni walimfuata porini wakamwonyesha kwenye kipindi cha kilimo, dakika nne hivi, na mkwe wake akakirekodi. Sasa mzee alikuwa amefariki. Jumamosi ile watoto wangekuja kutoka kila upande kuweka msalaba kaburini, na mama alitaka kila mmoja aondoke na baba yake kwenye simu. Hakukuwa na video nyingine ya mzee huyo popote.

Kanda ilikuwa imeota ukungu. Niliipangusa taratibu, ikapita kwenye deki mara moja huku ikilia. Faili lililotoka lilikuwa kubwa mno. Nikaondoa ile mistari kama meno ya kitana inayojitokeza mtu anaposogeza mkono, nikakata kingo za picha zilizokuwa zikichezacheza, kisha nikaongeza nguvu ya kuondoa chenga mpaka karibu na mwisho. Nikabana. Uso ukatoka safi, hata pengo la jino unaliona. Diski ilikuwa imejaa na mteja mwenye kanda ya harusi alikuwa amesimama mlangoni, basi nikalifuta lile faili kubwa bila kufikiri mara mbili.

Jumatano mama akaja kutazama. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta, nimejiandaa kusifiwa. Mzee yuko juu ya mti, mkono ndani ya mzinga wa gome, kienge cha nyasi kinafuka pembeni. Mama akatazama mpaka mwisho.

"Nyuki wako wapi?" akauliza.

"Nyuki gani, mama?"

"Fundi, mtu anarina asali. Nyuki wako wapi?"

Nikasogea karibu na kioo. Mzee alikuwa akipuliza mahali pasipo na kitu, akijipangusa shingo iliyo tupu, akipunga mkono hewani. Nyuki kwenye televisheni ni nukta ndogo, hazitulii, kila picha zimehamia mahali pengine. Niliiambia kompyuta iondoe vitu vya namna hiyo, nayo ikatii.

"Alikuwa anapanda bila nguo ya kujikinga," mama akasema. "Wanamtambalia mpaka kwenye kope, naye hana haraka. Ndivyo watu walivyomjua. Wewe umenipa mzee aliyechanganyikiwa."

Uongo ulishafika mdomoni. Nilishaanza kusema, "Unajua, mama, kanda za zamani..." nikaona anavyoniangalia, nikaishia hapo. Nikamwambia kweli: nyuki nimewafuta mimi, faili la mwanzo nimelifuta pia, na kanda ikirudiwa inaweza kukatika. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi.

Akavuta kiti. "Irudie. Nitakaa hapa hapa."

Nikairudisha kwenye deki. Kwenye kioo chenga zilikuwa zikinyesha juu ya mzee, na kwa kweli mimi sikuweza kutofautisha kipi ni kipi. Mama aliweza. Alikuwa akigusa kioo kwa kidole: "Hii ni televisheni tu. Hawa ni nyuki. Huyu hapa kwenye sikio ni nyuki." Dakika tatu zilipita salama. Mzee alipoanza kushuka mtini, deki ikatafuna kanda. Niliitoa ikiwa imekunjamana na kukatika, na kile kipande cha mwisho hakikufaa tena.

Alhamisi yote nilishinda nacho kile kilichookoka. Safari hii chenga niliziacha karibu zote. Badala yake nikapunguza upana wa picha na kuiachia kompyuta iipitie video mara mbili, mara ya kwanza kutazama tu, mara ya pili kubana, ili nafasi igawiwe panapohitajika. Nyuki wakabaki. Dakika ya mwisho nikaichukua kwenye ile video niliyoisafisha, nikaiunganisha. Kusema kweli nilijipongeza.

Ijumaa mama akatazama tena. Nyuki walimjaa mzee usoni na mikononi, akatabasamu kidogo peke yake pale kwenye kiti. Kisha tukafika kwenye kiungo, na nyuki wote wakatoweka kwa mpigo. Akanishika mkono.

"Kata hapo."

"Mama, mbele ndipo anaposhuka na kucheka. Anaitazama kamera, kama anawatazama watoto wenyewe."

"Najua. Kucheka kwake nakujua kuliko wewe. Lakini hakuwahi kushuka mtini peke yake, nyuki walikuwa wanamfuata mpaka nyumbani. Watoto wasimwone hivyo. Kata."

Nikakata. Kwenye simu za watoto wake wote mzee yuko juu ya mti, mkono ndani ya mzinga, hajashuka. Kipande cha kicheko chake ninacho mimi, ambaye sikuwahi kuonana naye.