Jina Nililoliacha Porini

Wiki iliyopita nilianza mazoezi ya ualimu katika shule moja ya msingi hapa Kilwa Masoko. Nilikabidhiwa darasa la nne, watoto themanini na kitu, na daftari la mahudhurio. Nikalifungua, nikatazama jina la kwanza, nikalifunga tena. Watoto walidhani mwalimu mgeni ana haya. Ngoja nikueleze kilichonizuia.

Nimekulia bara huko, njia ya Njinjo, kwa bibi mzaa mama. Kengele yetu ya shule ilikuwa rimu ya lori, nasi tuliikimbilia na fagio mkono mmoja, kidumu cha maji mkono mwingine, mdomoni kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nilipokuwa darasa la nne alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka Njombe, kijana mwembamba aliyefika na sweta. Jua la kwetu lilimvua siku ya pili. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa likizo ya uzazi, basi akaachiwa sisi sote peke yake.

Bibi alimpenda. Alinituma nimpelekee mbaazi, na mwalimu akija kurudisha bakuli alinifundisha kugawanya kwa korosho za kuchoma, pale pale mkekani. Nikikosea, tulikula hesabu yenyewe. Bibi aliniita mke mwenza, kwa utani wetu. Mwalimu akaniita binti wa mbaazi. Hakuwahi kuuliza jina langu.

Sasa, likizo ya Desemba iliyotangulia, karibu wasichana wote wa darasa letu tulikuwa tumechezwa unyago. Kwetu mwali hutoka na jina jipya. La utotoni huachwa huko huko porini, na kuitika ukiitwa kwa jina hilo ni kumwaibisha mama yako mbele za watu. Kungwi wangu alinikanya: "Ukiitwa la zamani, kuwa kiziwi." Daftari la shule lilikuwa na majina ya zamani bado, maana mwalimu mkuu aliyabadilisha akipata nafasi. Mahudhurio aliita kiranja, akitaja majina mapya kwa kichwa, mgeni akiwa ubaoni anaandika tarehe. Hakuna aliyemwambia. Kila mtu alidhani mwenzake amesema.

Siku ya mkufunzi wa chuo kuja kumkagua, mwalimu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa. Chuoni walitaka mwanafunzi aitwe kwa jina, hivyo alikuwa ameokota majina ya wasichana wa mwanzo daftarini na kuyaandika kwenye andalio la somo. Akaandika swali ubaoni, akaita la kwanza. Kimya. La pili. Kimya. Nyuma ya darasa kalamu ya mkufunzi ilikuwa inaandika. Shati la mwalimu lilikuwa limelowa mgongo mzima. Akanitazama mimi, mtu pekee aliyemzoea, huku akiita la tatu.

Lilikuwa langu, na yeye hakujua. Swali lilikuwa la kugawanya, jibu ninalo. Lakini kunyoosha kidole baada ya jina lile kulikuwa ni kuitika. Nikainamia dawati.

Baadaye nilimkuta amekaa barazani, ameshika karatasi ya mkufunzi.

"Binti wa mbaazi," akasema, "nimewakosea nini?"

"Hakuna, mwalimu."

Mambo ya unyago, mtoto kama mimi hamwambii mwanamume. Jioni nilimweleza bibi, akashika kichwa, na alfajiri akatoka mbio na khanga moja kwenda kumwambia. Alikuta chumba kimefagiliwa. Mwalimu alikuwa amepanda bodaboda kwenda kudaka basi. Tulisikia aliandikiwa kwamba darasa lake halielewi chochote, na kwamba ualimu aliuacha.

Alhamisi mkufunzi anakuja kunikagua mimi, na bado sijaweza kuita jina hata moja. Nanyooshea watoto kidole tu. Siku hizi kule kwetu unyago ni wa siku mbili na spika kubwa, na wasichana wengi wanabaki na majina yao ya cheti cha kuzaliwa. Shule ya kule imepata kengele ya kununua. Bibi, aliyenipa jina lile la kwanza, tulimzika mwaka juzi.

Hata wewe sitakutajia. Mtu wa mwisho kuniita hivyo alikuwa mwalimu yule, amesimama ubaoni na shati lililolowa, akisubiri mtoto mmoja tu aseme nipo.