Siku niliyoisifu kadi ya sauti

Jumamosi. Mvua asubuhi, baadaye jua kali.

Kwaya yetu hapa Bwera iliacha kushona sare mpya ili tununue kadi ya sauti ya kompyuta. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba bila kadi, rekodi zetu zitakwaruza daima. Niliifuata Kasese mwenyewe.

Leo niliichomeka, nikafunga skrubu, nikawapigia wimbo wetu wa zamani.

"Mnasikia besi?"

"Tunasikia, fundi."

Hata mimi niliisikia, sidanganyi. Nikawaeleza tofauti yake kwa muda mrefu.

Mama Biira, kiongozi wa sauti ya kwanza, alisogea karibu. Akainama nyuma ya kompyuta.

"Fundi, kadi yako si hii ya chini? Mbona haina waya?"

Waya ya spika ilikuwa bado kwa tundu la zamani. Kadi haikuwa imetoa hata sauti moja.

"Sasa ile besi ilitoka wapi?" akauliza.

"Kwa mdomo wa fundi," mtu akajibu.

Kadi haina kosa. Walioitikia pia siwalaumu, waliniheshimu tu.

Jioni tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Mke wangu alisema chumvi imetosha. Nilionja mara mbili kabla ya kukubali.